Nesi na Maziwa ya Nyangumi

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Nilisema, "Mwachisheni."

Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Mbele yangu walikuwepo mke wangu, dada yangu mkubwa, mkwe wangu aliyekuwa amekuja kutoka Korogwe kumwona mkewe na mtoto, na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, amesimama mlangoni amembeba mwanawe wa kike wa miezi minne. Alikuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, na alikuwa hajarudi kwa mumewe. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi yake, na dada yangu alishatoa hukumu: amebemendwa. Kwetu husemwa hivyo mtoto mchanga akiharisha na kunyong'onyea baada ya baba yake kulala nyumbani. Maana yake wazazi wamekutana kabla ya wakati, maziwa ya mama yameharibika, na mtoto asipoachishwa ziwa haraka yatammaliza.

"Baba yake amekuja Jumamosi," dada alisema, akimtazama mkwe wangu juu mpaka chini. "Jumatatu mtoto anaharisha. Mnataka niwaandikie ubaoni?"

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Binti yangu akasema polepole, "Shangazi, Nesi anasema mtoto akiharisha ndipo anyonyeshwe zaidi."

"Nesi," dada alisema. "Nesi na samaki wake."

Kisha wote wakanigeukia, maana nyumba ilikuwa yangu na neno la mwisho lilikuwa langu. Nilijua jibu. Pale kijijini hapakuwa na mwanamume aliyelijua kuliko mimi. Lakini ili kulisema, ningelazimika kuongea habari za ziwa la binti yangu mbele ya mume wake na mbele yake mwenyewe. Kwetu baba hafanyi hivyo. Anaweza kumwuliza binti yake kama amekula, kama amelala, kama mguu umepona. Kifua cha binti yake hakitaji. Nilitazama vumbi, nikasema neno lile ili kikao kiishe.

Huyo Nesi na samaki wake ndiye ninayetaka kumwandika. Nilimfahamu miaka mingi, na jina lake nalijua vizuri, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Nesi, basi. Watoto aliowazalisha walikua wakamwita Nesi, na wao wakamletea watoto wao.

Zahanati ya kijiji chetu iko kando ya njia ya kwenda Kwaluguru: vyumba vitatu, tenki la maji ya mvua na mlango wa stoo uliopakwa rangi nyeusi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani kwenye shamba la mkonge kule Korogwe, kisha nikarudi kulima mahindi. Kwa kuwa nilijua kuandika muhtasari wa kikao, wanakijiji walinifanya mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Ndivyo nilivyomsikia Nesi kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kutazama tenki lililokuwa linavuja, nikakuta ni siku ya kliniki, akina mama wamejaa barazani, na Nesi amechora kitu kwa chaki kwenye ule mlango mweusi.

"Huyu ni nani?" akawauliza.

"Kiazi," mama mmoja akajibu.

"Kiazi kina jicho?"

"Kiazi cha Korogwe," mwingine akasema. Wakacheka mpaka watoto wakaamka.

Nesi hakujua kuchora, na alijua kwamba hajui. Aliacha wacheke. Kisha akawaambia kwamba yule ni nyangumi, mnyama wa baharini mkubwa kuliko zahanati yote pamoja na tenki lake, na kwamba ananyonyesha.

"Samaki ananyonyesha?"

"Samaki hanyonyeshi. Huyu si samaki, ana damu ya moto kama yako, anapumua hewa kama wewe, anazaa mtoto mmoja kama wewe. Isipokuwa yeye hana mama mkwe wa kumwambia maziwa yake machafu."

Hapo walicheka tena, lakini niliwaona wawili watatu wakiacha kucheka mapema na kuinamia watoto wao. Wakati ule wengi walikuwa wanakamua yale maziwa ya kwanza ya manjano na kuyamwaga chini, kwa kuambiwa ni usaha. Nesi alikuwa amechoka kuwakataza. Alipowakataza waliitikia, kisha walikwenda nyumbani wakafanya walivyoambiwa na wakwe zao. Alipoanza habari za nyangumi walianza kuuliza maswali, na anayeuliza swali, alisema, ameshaanza kubishana na mkwe wake kimoyomoyo.

Mama mmoja wa Kimasai, aliyekuja kutoka upande wa malisho na ambaye kwa kawaida hakusema kitu, akauliza, "Huyo anakamuliwa na nani?"

"Hakamuliwi. Anajikamua mwenyewe."

Akawaeleza. Nimelisikia somo hilo mara nyingi hivi kwamba naweza kulisema bila kusita. Mtoto wa nyangumi hana midomo laini ya kubana chuchu, na maji yanamzunguka pande zote, kwa hiyo hawezi kufyonza kama mtoto wa mtu. Chuchu za mama yake zimefichwa ndani ya mikunjo miwili ya ngozi chini ya tumbo, zisimzuie kuogelea. Mtoto akisikia njaa anamgusagusa mama pale kwa pua. Chuchu inatokeza, mtoto anakunja ulimi wake kama bomba, anauzungushia, na mama anakaza misuli yake mwenyewe na kumrushia maziwa kinywani. Mara moja, mara mbili, kisha mtoto anapanda juu kupumua, anashuka tena. Usiku na mchana.

"Basi ana akili kuliko ng'ombe wangu," yule mama wa Kimasai alisema.

"Na maziwa yake hayamwagiki baharini?" mwingine akauliza.

Hilo ndilo swali Nesi alilolingoja. Alikuwa ameweka beseni la maji mezani, na pembeni kikopo cha samli. Alichota maziwa ya ng'ombe kidogo akayamimina kwenye maji, yakatawanyika. Kisha akachota donge la samli akalitia. Likabaki donge. "Maziwa ya nyangumi ni mazito hivi," alisema. "Mafuta matupu. Mungu amempa mtoto yule maziwa ya mahali pale alipo. Na wa kwako amempa ya hapa." Akamgusa mama aliyekuwa karibu, begani, kwa kidole kimoja. "Huyo wa baharini akiugua tumbo, atapewa uji na nani? Atakwenda kukamua mbuzi wa nani? Ananyonya, anapona. Wako akiharisha, mnyonyeshe. Akizidi, mnyonyeshe huku unakuja kwangu."

Siku ile nilisahau tenki.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, na alivaa viatu vya mvua hata wakati wa kiangazi kikavu, kwa sababu ya nyoka, alisema. Mchana, zahanati ikiwa tupu, alilala kwenye benchi akikoroma, na ukimwamsha alikataa kwamba alikuwa amelala. Alipenda umbeya. Ukitaka kujua nani anamwoa nani kutoka Kwedizinga mpaka Handeni mjini, ulikwenda kupima presha. Na alikuwa na kinyongo. Siku moja nilimwambia kikaoni kwamba zahanati ilichelewa kufunguliwa, akakaa wiki mbili bila kunisimulia jambo. Alinisalimu, maana nilimzidi umri, lakini shikamoo yake ilikuwa kavu kama mkaa.

Kwenye mzani alikuwa mtu mwingine. Mtoto alipokaa kwenye ule mfuko wa mzani, ananing'inia kama embe, Nesi alimsemesha yeye, si mama yake. "Umeongezeka, bwana mkubwa. Nani amekupa? Huyu hapa? Mwambie asante." Mtoto akipungua, alinyamaza kwanza, akarudia kupima, kisha akamwita mama ndani na kufunga mlango. Hakumsema mama mbele ya wenzake. Aliyesemwa mbele ya wenzake ni yule aliyeringa. "Kilo ni za mtoto, mama. Wewe kaa chini."

Na waume aliwatafuta. Alikuwa na msemo wake: nyangumi anapozaa anakwenda kwenye maji ya joto ambako hakuna chakula chake, anakaa miezi akinyonyesha bila kula, mtoto ananenepa na yeye anakonda. "Anajila mwenyewe," alisema. "Lakini yule ana akiba ya mafuta chini ya ngozi, unene wa mkono wangu huu. Mke wako ana nini? Mwongeze maharage." Nimewahi kumwona akimsimamisha mwanamume aliyepita na baiskeli, gunia limefungwa nyuma, na kumwuliza mkewe amekula nini asubuhi. Yule bwana akasema hajui. "Rudi ukaulize," Nesi akamwambia, na akashika usukani mpaka alipogeuza baiskeli.

Lakini ni hapohapo palipokuwa na jambo nililochelewa kulielewa. Vijana aliwakamata usukani. Wazee hakuwagusa. Nilipoingia zahanati alisimama. Alipokuja kwangu alivua vile viatu vya mvua mbali na baraza, akaja peku. Kikaoni mzee akisema jambo la hovyo kabisa, kwa mfano kwamba chanjo zitolewe mwezi mchanga, Nesi alitazama mikono yake akasema, "Sawa, mzee." Baadaye alifanya anavyojua, lakini mbele ya mzee hakutoa neno la kumpinga. Nilimwona mwenye adabu. Nilimsifia kwa hilo, tena mbele ya watu.

Siku moja, tukingoja wajumbe waliochelewa, nilimwuliza kama amewahi kumwona.

"Nani?"

"Nyangumi."

"Mwenyekiti, mimi sijaiona hata bahari. Naogopa maji yanayonizidi magoti."

Nilicheka. Kwao ni Korogwe, na kutoka huko mpaka baharini Tanga si mbali. Akasema habari zote alizisoma kwenye kitabu cha mtoto wake, kitabu cha shule kilichokosa jalada, na akazisoma mara nyingi kwa sababu zilimuuma.

"Kukuuma vipi?"

Akaniambia kwamba mwanawe wa kwanza alimwacha kwa mama yake Korogwe akiwa na miezi mitatu, kwa kuwa alipangiwa kazi mbali na hakukuwa na nyumba ya mtumishi. Alilelewa kwa chupa. "Nilikuwa nafundisha wake za watu kunyonyesha, halafu jioni najikamua kwenye kikombe na kumwaga. Nilijaza vikombe miezi miwili. Mwanangu alikua, ni mzima, ana watoto. Lakini akiwa na shida humpigia bibi yake, hanipigii mimi." Wajumbe wakaingia, akafungua daftari.

Sikumsikia akilisema tena. Ila baada ya siku ile, kila alipofika pale pa nyangumi asiyekula, nilitazama pembeni.

Nilijifunza somo lake kiasi kwamba mwaka mmoja, alipokuwa na homa na sauti imekauka, nilisimama mimi kwenye mkutano wa kijiji. Wanaume wote wa kijiji, wamekaa chini ya mabati ya ghala, na mimi na chaki. Nilichora nyangumi, akatoka vibaya kuliko wa Nesi. Nikaeleza chuchu zilizofichwa, misuli, samli, nikaeleza maziwa ya manjano na kuharisha. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, huoni haya?" Nikamjibu kwamba afya haina haya. Walipiga makofi. Nesi alikuwa amekaa nyuma, amejifunga kitenge kichwani, na alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi wake amefaulu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Kwa hiyo nisiseme sikujua. Nilijua, nikawafundisha wengine, na nilipoulizwa kwenye ua wangu nilitazama vumbi.

Sasa nirudi kwenye siku zile. Mkwe wangu alirudi Korogwe jioni ileile ya kikao. Dada yangu alimfunga binti yangu kifua kwa kitenge, akakikaza, ili maziwa yakauke. Mtoto alipewa uji mwembamba na maziwa ya mbuzi yaliyozimuliwa kwa maji ya lambo, lile wanakonywa ng'ombe, maana tenki letu lilikuwa limekauka, pamoja na dawa ya majani ambayo dada aliichemsha mwenyewe. Dada hakuwa mtu mbaya. Alizika watoto wake wawili na aliamini kwa moyo wote kwamba waliharibiwa na maziwa. Alimlea mtoto yule kwa upendo, na alimwua kwa ruhusa yangu.

Binti yangu alikaa kwenye mkeka upande wa pili wa ua. Mtoto akilia, kitenge chake kililoana mbele. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Mtoto analia huku, maziwa yanatoka kule, na katikati yao pana hatua kumi na mimi nimekaa kwenye kigoda. Kila nilipoona ile alama inapanuka kwenye kitenge, niligeuza uso, kwa heshima. Ndivyo nilivyoiita.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kliniki. Nesi alikuwa na desturi: mama ambaye hakuja, jioni alimfuata. Nilimwona anakuja kwa mbali, vile viatu vyake havifichiki. Niliinuka, nikamtokea nje ya ua, nikasimama njiani. Nilikuwa nimeshaelewa aibu yangu itakavyokuwa akiingia: mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa nyangumi, na nyumbani kwake mjukuu ananyweshwa maji ya lambo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Nesi. Habari za kutwa?"

"Nzuri. Mama mtoto hakuja leo."

"Wamekwenda Kwedizinga," nikasema. "Kwa ndugu za mama yake. Watarudi wiki ijayo."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Alitazama juu ya bega langu, kisha akatazama mikono yake.

"Sawa, mzee," akasema, na akageuka.

Binti yangu alikuwa nyuma ya ukuta wa fito, hatua tatu kutoka tuliposimama. Alisikia kila neno. Alipiga kelele? Hapana. Hakutoka, hakuita. Nilipoingia alikuwa amekaa vilevile, macho kwenye mkeka, na mimi nikafurahi moyoni kwamba nimelea binti mwenye adabu.

Siku iliyofuata mtoto aliacha kulia. Dada akasema, afadhali, ametulia. Mke wangu ndiye aliyemshika utosi akauona umedidimia, akapiga yowe. Tuliita bodaboda. Binti yangu alikaa katikati, mtoto kifuani, mimi nyuma. Njiani, mahali fulani kabla ya kufika Handeni mjini, nilimwona, juu ya bega lake, amefungua kile kitenge kwa mkono mmoja na kumpa mtoto ziwa. Alifanya hivyo mgongoni kwa dereva na mbele ya macho yangu, bila kujifunika. Mtoto hakushika. Maziwa yalimtiririka shavuni.

Daktari alikuwa kijana. Aliniuliza mimi, siyo mama. "Alikuwa ananyonya?"

"Aliachishwa," nikasema.

"Na nani?"

Nilitazama sakafu.

Tulimzika kesho yake. Nesi alikuja msibani, akavua viatu mbali, akakaa na akina mama siku zote tatu, akabandika maji na kuosha masufuria. Hakuniuliza kitu. Maziwa ya binti yangu yaliendelea kutoka zaidi ya wiki, na Nesi ndiye aliyeingia naye chumbani kumsaidia kuyakamua. Nilisikia sauti zao ndani, za chini, sikuelewa maneno. Baada ya arobaini mkwe wangu alikuja na pikipiki. Binti alimkumbatia mama yake, akaniaga mimi kwa kunipa mkono, na wakaenda Korogwe. Nilijiuzulu kamati kwa kisingizio cha macho. Dada yangu alifariki miaka miwili baadaye, hakujua mpaka mwisho kwamba mtoto aliuawa na kuachishwa, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nesi alistaafu, akarudi kwao Korogwe.

Mwaka huu nilikwenda kumtafuta. Mke wangu amekwishatangulia, na nyumba imekuwa kimya mno. Nilishuka stendi nikauliza, na mwanamke wa tatu niliyemwuliza alinionyesha nyumba. Nesi alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Miguu imevimba, hawezi tena viatu vya mvua, amevaa kandambili. Alijaribu kusimama, nikamwambia asisimame.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Uenyekiti niliuacha zamani."

"Kwangu hujauacha."

Akaniletea chai. Tukaulizana habari za mvua, za mahindi, nani amekufa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa: neno lile, kitenge, maji ya lambo, na kwamba siku ile alipokuja mtoto alikuwa ndani. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alikuwa amesimamisha mkono.

"Nilijua," akasema.

"Binti alikuambia?"

"Kabla ya hapo. Siku ileile. Niliziona nguo za mtoto kwenye kamba, mbichi, zinadondosha maji. Mtu aliyekwenda Kwedizinga haachi nguo mbichi."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini uligeuka?"

Alichagua jiwe moja kwenye maharage akalitupa.

"Kwa sababu ulikuwa mzee wangu. Angekuwa kijana ningemsukuma nikaingia. Ningemtukana. Wewe ningekuambiaje kwamba unasema uongo? Nikasema nitarudi kesho, nikupe nafasi ya kuficha aibu yako." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuheshimu wewe kuliko nilivyomheshimu yule mtoto. Nimewazalisha wengi, mzee, na kila nikihesabu nahesabu huyo aliyebaki nyuma ya ua."

Nilimwambia kosa si lake. Akasema anajua, na kwamba kujua hakumsaidii usingizi.

Kisha nikauliza jambo ambalo, nadhani, ndilo nililolifuata Korogwe tangu mwanzo.

"Binti yangu unamwona?"

"Anakuja. Wanakaa mtaa wa chini hapo. Ana watoto wawili sasa, wa kike na wa kiume. Wote amewanyonyesha mpaka wakachoka wenyewe. Mdogo aliharisha mwaka jana, mama mkwe akaleta maneno yaleyale, binti yako akamfungia mlango."

"Amemfungia mama mkwe?"

"Siku nne. Mpaka mtoto akapona."

Nilifurahi, na furaha ile iliniuma mahali pabaya. Nikauliza wanaitwaje. Nesi akakunja uso.

"Amenikataza kukuambia."

"Majina tu?"

"Majina hasa."

Nilinywa chai iliyokwisha poa. Nikamwuliza kama ataweza kumwambia nimekuja, nimekaa hapa, naweza kungoja mpaka jioni. Nesi aliweka ungo chini.

"Nilishamwomba, mzee, wala si mara moja. Nilimwambia baba amezeeka, kamtazame. Anasema akikuona itabidi akuamkie. Ni baba yake, hawezi kukupita. Na ile shikamoo haiwezi. Anasema siku ile nyuma ya ukuta alinyamaza kwa adabu hiyohiyo, na hana nyingine ya kukupa."

Nilichukua gari la saa nane kurudi Handeni. Nesi alitaka kunisindikiza mpaka barabarani, miguu ikamkatalia, akabaki ameshika nguzo ya mlango.

Nilikuwa na mjukuu wa miezi minne aliyekuwa mnene na mzima, na nilikuwa na binti mmoja tu aliyeniita baba. Mjukuu alikufa kwa kunyimwa maziwa yaliyokuwa yanatoka bure hatua kumi kutoka kwake. Binti yu hai, ana watoto ambao siwajui kwa majina, na hatanisalimu mpaka nife. Niliwapoteza wote kwa sababu niliona haya kutaja ziwa.